Mwongozo kamili: kudai mapato na matumizi ya mtaa au kijiji chako mpaka upate jibu la maandishi

Huku kwetu kanda ya ziwa, Tanzania, karibu kila mtu anajua ana haki ya kusomewa mapato na matumizi. Kinachowashinda wengi ni kuyapata. Mtu anasimama mkutanoni, anauliza kwa uchungu, anapigiwa makofi, mwenyekiti anasema "tumelipokea", na mwaka unakatika. Mwingine anaandika barua yenye neno "wizi" kwenye mstari wa kwanza, kisha anashangaa mtendaji hapokei tena simu yake. Mwingine anapanda daladala mpaka mjini kupeleka TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, malalamiko ya barabara yenye mashimo.

Nimefuatana na majirani katika kazi hii Ilemela na ng'ambo ya Sengerema, na tunaangukia palepale: tunauliza kwa mdomo tu, tunatuhumu kabla ya kuuliza, tunapeleka jambo ofisi isiyo yake, na hatubaki na nakala. Hilo la mwisho ndilo linaloua mambo mengi. Barua yangu ya kwanza, ya michango ya zahanati, nilimkabidhi kijana niliyemkuta mapokezi nikaondoka. Wiki saba baadaye nikaambiwa hakuna barua kama hiyo. Sikuwa na nakala, sikuwa na mhuri, hata jina la yule kijana sikulijua. Wazee wawili waliosaini pamoja nami walikataa kusaini mara ya pili, na sikuweza kuwalaumu.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka moja, ofisi itakurudisha hapohapo uliporuka.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari moja la jambo hili peke yake. Kila siku unayokwenda ofisini andika tarehe, saa, uliyemkuta na alichokujibu.
- Stakabadhi zote za michango ulizonazo wewe na majirani. Zipige picha na kuzitolea kopi. Nyingine hufutika wino zikikaa mfukoni, hasa zile zinazotoka kwenye mashine za POS.
- Kitambulisho chako cha NIDA au kadi ya mpiga kura.
- Majina kamili na vyeo vya mwenyekiti, mtendaji wa mtaa au kijiji, mtendaji wa kata na diwani.
- Watu watatu hadi watano wa kuaminika, wanawake wakiwemo. Ukiwa peke yako utaitwa mkorofi. Mkiwa watano wa itikadi tofauti, mtaitwa wananchi.
- Akiba ndogo ya kopi na nauli.

Wakili hahitajiki kwa kazi hii. Wala usimlipe mtu anayesema ana "njia yake" ofisini. Ukitoa fedha ili upewe taarifa ambayo ni haki yako, umeshaingia katika rushwa unayotaka kuipinga, na jambo lako limekufa.

## Hatua ya 1: Jua fedha hiyo iko mikononi mwa nani

Tumia muda mwingi hapa kuliko hatua nyingine yoyote. Barua nzuri iliyokwenda ofisi isiyohusika hujibiwa kwa sentensi moja: "Jambo hili haliko chini yetu." Na mara nyingi ni kweli haliko chini yao.

Anza na makazi yako. Ukiwa Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa au Ukerewe, kwa kawaida unaishi kijijini. Halmashauri ya kijiji ni chombo chenye nafsi yake kisheria: kinamiliki mali, kinashitaki na kushitakiwa. Kina akaunti yake, vitabu vyake vya fedha na bajeti yake. Hesabu zake zinawajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji, yaani wewe na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Mkutano huo wa kawaida hufanyika kila miezi mitatu.

Ukiwa Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, unaishi mtaani. Mtaa haulingani na kijiji. Hauna mamlaka kamili ya fedha kama kijiji, na fedha nyingi za miradi ya mjini zinapangwa na kulipwa na halmashauri ya jiji au manispaa yenyewe. Kwa hiyo uongozi wa mtaa uulize kuhusu michango iliyokusanywa mtaani: ulinzi shirikishi, usafi, madawati ya shule. Bajeti ya soko, kituo cha afya au madarasa muulize mkurugenzi wa halmashauri hiyo. Nimeona mkutano mzima wa Kirumba ukimbana mwenyekiti wa mtaa kuhusu fedha ambazo hazikuwahi kupita mezani kwake. Mzee wa watu alitoka jasho bila kosa, na wenye majibu walikuwa ofisi nyingine kabisa.

Kisha tenganisha watu. Mwenyekiti umemchagua wewe. Wenyeviti waliopo waliingia kwa uchaguzi wa tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji hukumchagua. Yeye ni mtumishi, na mwenye mamlaka ya kumwandikia barua ya kujieleza ni mkurugenzi wa halmashauri. Diwani naye anachaguliwa, ila anafungwa na Kanuni za Maadili ya Madiwani pamoja na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Ukimshitaki mtendaji kwa wapiga kura hawana la kumfanya. Ukimshitaki mwenyekiti kwa idara ya utumishi, nayo itakuambia huyo si mtumishi wake.

Mwisho, toa kwenye orodha yako vitu visivyo vya halmashauri. Barabara nyingi za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu mwaka 2017. Maji ya vijijini yako RUWASA tangu 2019. Maji ya mjini Mwanza ni ya MWAUWASA. Ruzuku ya kaya maskini ni ya TASAF. Viongozi wa mtaa wanaweza kukuombea huko, lakini vitabu vya hesabu hawana.

Utajua umefanikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja, "Fedha hii ilipokelewa na fulani mwenye cheo hiki, na vitabu viko ofisi ile."

## Hatua ya 2: Andika jambo moja kwenye ukurasa mmoja

Wananchi tunabeba mambo mengi kifuani. Tukipata nafasi tunayamwaga yote: dawa hakuna, taa za barabarani, kiwanja cha mama mkwe, mtendaji analewa. Afisa anayesoma barua ya mambo tisa atajibu lile jepesi na kuliita jibu.

Chagua jambo moja lenye namba. Tuseme kila kaya ilichangia shilingi 5,000 kwa ajili ya darasa, na kijiji kina kaya 240. Hiyo ni 1,200,000. Andika hesabu hiyo. Andika mkutano uliopitisha mchango huo ulikuwa lini, nani alikusanya, stakabadhi zilitolewa au hazikutolewa, na leo darasa limefika wapi: msingi, kuta, lenta au paa.

Tenganisha ulichokiona na ulichosikia. "Nilitoa 5,000 tarehe 12 kwa mjumbe wa kitongoji, sikupewa stakabadhi" ni jambo ulilolishuhudia. "Inasemekana saruji iliuzwa usiku mwaloni" ni uvumi, hata kama mji mzima unausema. Liache nje. Likiwa la kweli, namba zitakufikisha huko zenyewe.

Kuna swali moja dogo lenye nguvu sana ambalo watu hawalitumii. Ukitozwa fedha yoyote, iwe ya barua ya utambulisho, ya kuteremsha dagaa au ya meza sokoni, uliza kwa upole: "Tozo hii iko kwenye sheria ndogo ipi?" Halmashauri haiwezi kutoza kitu ambacho hakina msingi wa sheria, na tozo halali ina stakabadhi ya mashine au kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Fedha taslimu iliyoingia mfukoni bila kimojawapo cha hivyo haina alama popote kwenye mfumo. Mama mmoja muuza dagaa aliuliza swali hilo mara mbili tu, na mara ya tatu aliandikiwa stakabadhi bila kuiomba.

Utajua umefanikiwa: mtu asiyeishi kwenu akisoma ukurasa wako anaelewa jambo bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 3: Uliza mkutanoni, na hakikisha limeandikwa

Mkutano ndiyo ngazi ya kwanza, na usiiruke hata kama umekata tamaa nao. Ofisi za juu zitakuuliza, "Mlishauliza kwenye mkutano wenu?" Ukijibu hapana, unarudishwa.

Siku saba au zaidi kabla ya mkutano, peleka kibarua kifupi kwa mtendaji, ambaye ndiye katibu, ukiomba ajenda ya "Taarifa ya mapato na matumizi" iwemo. Bakiza nakala aliyoisaini. Ajenda iliyoombwa mapema ni ngumu kuitupa. Swali la ghafla kwenye "mengineyo" saa kumi na mbili jioni, watu wakiwahi kufungia mifugo, hufa kirahisi.

Siku yenyewe nenda mapema na watu wako, mkasaini mahudhurio. Mikutano mingi inaahirishwa kwa kukosa akidi, na anayefaidika na kuahirishwa ni yule asiyetaka kuulizwa. Kama mkutano umepangwa siku ya gulio au siku ambayo wavuvi wako ziwani, omba kwa maandishi ubadilishwe.

Ukisimama, salimia, mheshimu mwenyekiti kwa cheo chake, kisha uliza namba tatu tu: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka na kwa kazi gani, na kiasi gani kimebaki benki leo. Kaa chini. Usihutubie. Nimejifunza kwamba hotuba inampa kiongozi kitu cha kujibu mbali na namba: atajibu ukali wako, atajibu chama chako, atajibu familia yako. Swali fupi linamwacha na namba tu.

Akijibu "vitabu viko kwa mkaguzi" au "tutawaletea", simama tena na kusema: "Naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba taarifa haikusomwa leo, na tarehe itakayosomwa ni hii." Usikae mpaka tarehe itajwe.

Onyo: mtu akianza kumtukana kiongozi, mnyamazisheni ninyi wenyewe. Mkutano ukivunjika kwa fujo, kitakachoandikwa ni fujo.

Utajua umefanikiwa: muhtasari unaonyesha swali, jibu na tarehe. Hata jibu likiwa "hatuna", hilo ni jibu lenye kumbukumbu, na utalitumia.

## Hatua ya 4: Andika barua ya kuomba taarifa

Hapa ndipo wengi wanapokosa silaha waliyonayo tayari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu mapema iwezekanavyo, bila kuvuka siku 30. Huhitaji kueleza kisa cha maisha yako wala kuthibitisha wizi.

Unaweza kuandika hivi:

> Afisa Mtendaji wa Kijiji,
> Kijiji cha ……, Kata ya ……
>
> YAH: MAOMBI YA TAARIFA YA MAPATO NA MATUMIZI YA MCHANGO WA DARASA
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Sisi ni wakazi wa kijiji hiki. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, tunaomba kupatiwa nakala za: (1) taarifa ya mapato na matumizi ya mchango wa darasa kuanzia tarehe …… hadi ……, (2) muhtasari wa mkutano uliopitisha mchango huo, (3) hati za malipo na stakabadhi za manunuzi ya vifaa, (4) taarifa ya benki ya akaunti husika kwa kipindi hicho.
>
> Tuko tayari kulipia gharama halali ya kutoa nakala. Tunaomba jibu kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na sheria.
>
> Wako katika ujenzi wa Taifa,
> (majina, saini, namba za simu, tarehe)
>
> Nakala: Afisa Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Diwani.

Angalia kwamba hakuna mtu aliyetuhumiwa. Mtendaji mwadilifu, na wapo wengi, ataisoma kama kazi ya kawaida. Asiye mwadilifu ataisoma mara mbili.

Sasa kuhusu "K.K.", yaani kupitia kwa. Barua ya maombi ya kawaida kwenda kwa mkurugenzi inaweza kupita kwa mtendaji wa kata, na ukifanya hivyo utaonekana unafuata utaratibu. Lakini barua inayomlalamikia mtendaji usiipitishe kwake. Hakuna barua inayosafiri polepole kama hiyo. Iandike moja kwa moja kwa mkurugenzi.

Toa nakala tatu. Ya kwanza inabaki ofisini. Ya pili inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, au inasainiwa kwa jina na tarehe kama ofisi haina mhuri, na unaondoka nayo. Ya tatu inakaa nyumba nyingine, kwa mmoja wa wenzako, kwa sababu nyumba huungua na mafuriko huingia. Kwenye halmashauri barua hupokelewa masijala, yaani chumba cha kupokelea na kutunzia barua. Usimwachie mlinzi, dereva wala "kijana wa ofisini". Wakikataa kugonga mhuri, itume kwa rejesta ya posta na utunze risiti.

Kwa ndugu zetu wa visiwani gharama hii inauma. Mtu wa Ukara anavuka kutoka Bwisya mpaka Bugolora, ndipo ashike gari kwenda Nansio, kwa ajili ya mhuri mmoja. Basi kusanyeni barua za vitongoji kadhaa, mtumeni mtu mmoja anayeaminika, naye arudi na nakala zote zilizogongwa siku hiyohiyo.

Utajua umefanikiwa: una karatasi yenye mhuri na tarehe. Kuanzia siku hiyo, anayehesabiwa siku si wewe tena.

## Hatua ya 5: Hesabu siku 30 bila kukaa kimya

Siku ya 15 pita ofisini, salimia, uliza, andika kwenye daftari. Siku ya 25 peleka kikumbusho cha mistari mitatu kinachotaja tarehe ya mhuri wa kwanza, nacho kigongwe mhuri. Usiongeze hoja mpya, maana hoja mpya inaanzisha hesabu mpya.

Siku 30 zikipita kimya, au ukinyimwa bila sababu ya msingi, sheria hiyohiyo inakupa njia ya kuomba mkuu wa taasisi apitie upya uamuzi huo, na usiporidhika unakwenda kwa Waziri. Kwa halmashauri, mkuu wa taasisi ni mkurugenzi. Kwa uzoefu wangu, wengi hawafiki kwa Waziri. Barua inayotaja hatua hiyo kwa utulivu, ikiwa na nakala mbili zenye mhuri nyuma yake, hufungua kabati.

## Hatua ya 6: Soma jibu, kisha nenda ukaangalie kwa macho

Ukipata taarifa usiishangilie bado. Angalia kwanza kama jumla zinajumlika. Halafu linganisha mapato na kaya zilizochangia: kama kaya 240 zilitakiwa kuchangia na taarifa inaonyesha 870,000, waulize wenye stakabadhi. Mara nyingine kaya 66 kweli hazikuchangia, na huo ndio ukweli. Mara nyingine zilichangia.

Baada ya hapo nendeni kwenye mradi. Miradi mingi ya madarasa na zahanati hujengwa kwa mafundi wa ndani, utaratibu unaojulikana kama fosi akaunti, na miongozo yake inataka kuwe na kamati tatu tofauti: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kamati ya mapokezi ndiyo inayohesabu mifuko ya saruji inaposhushwa. Waombeni daftari la mapokezi. Kama hati ya malipo inasema mifuko 100 na mapokezi yamesaini 80, mmepata tofauti isiyohitaji ushahidi wa kusikia. Kama mtu mmoja amesaini kwenye manunuzi na mapokezi pia, hilo peke yake ni kasoro, hata mifuko ikiwa imetimia.

Pigeni picha za jengo zenye tarehe. Muombeni fundi wa kijiji, asiyefanya kazi kwenye mradi huo, awaambie vifaa vinavyoonekana vinalingana na vilivyoandikwa au la.

Kwa mambo makubwa ya halmashauri nzima, someni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG. Humkabidhi Rais ripoti zake ifikapo mwisho wa Machi, kisha zinawasilishwa bungeni na kuwa wazi kwa kila mtu. Ya serikali za mitaa huwa peke yake. Tafuta jina la halmashauri yako ndani yake. Tahadhari moja: "hati inayoridhisha" inasema hesabu zimeandaliwa ipasavyo. Haisemi kwamba hakuna fedha iliyopotea, na kiongozi anayeitumia kama cheti cha usafi anawapotosha watu.

Unaweza pia kwenda kusikiliza Baraza la Madiwani. Vikao vyake vya kawaida viko wazi kwa wananchi, ingawa huruhusiwi kuzungumza. Kaa, andika. Angalia diwani mwenye masilahi na mkataba unaojadiliwa kama ametamka masilahi yake, kwa sababu anatakiwa kufanya hivyo. Ukitaka kujua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inavyokwenda, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hapo ndipo utasikia namba zikitajwa hadharani.

Onyo: usibadilishe hata tarakimu moja ya taarifa uliyopewa. Kupotosha taarifa iliyotolewa chini ya sheria ya 2016 ni kosa.

## Hatua ya 7: Panda ngazi inayohusika

Ukishapata tofauti isiyoelezeka, ndipo unapolalamika. Si kabla. Chagua mlango kwa aina ya kosa.

Uzembe, kukataa kutoa taarifa, kauli chafu, kutokuwepo kazini: kwa mtumishi, nenda kwa mkurugenzi. Kila halmashauri ina dawati la kushughulikia malalamiko. Kwa mwenyekiti wa kijiji, jambo lirudi mkutano mkuu, na mkuu wa wilaya apewe nakala.

Fedha iliyochukuliwa, hongo iliyoombwa, nyaraka za uongo, matumizi mabaya ya mamlaka, au kiongozi anayetaka ngono ili atoe huduma: nenda TAKUKURU. Yote haya ni makosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Wana ofisi wilayani, na simu ya bure ni 113. Unaweza kutoa taarifa bila kutaja jina. Ila ukiacha njia ya kukupata, watakuuliza pale wanapokwama, na uchunguzi unakwenda mbali zaidi. Kuhusu rushwa ya ngono, dada zangu, msisubiri mpaka "mpate ushahidi" kwa kujiweka hatarini. Piga kwanza, wao ndio wenye kazi ya kupanga ushahidi.

Mgongano wa masilahi, mali isiyotangazwa, diwani kupitisha zabuni ya kampuni ya nyumbani kwake: nenda Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Inahusika na viongozi kama meya, mwenyekiti wa halmashauri, diwani na mkurugenzi. Hao wanatakiwa kuwasilisha tamko la rasilimali na madeni kila mwaka ifikapo tarehe 31 Desemba. Shauri likiwa zito hufikishwa Baraza la Maadili.

Usipeleke barua moja kwa wote kwa wakati mmoja. Nalikataza hili kwa nguvu, maana nimeona mashauri mazuri yakifa hivyo: kila ofisi inaona jina la nyingine na kuiachia. Mwenye kazi ni mmoja. Wengine wapewe nakala kwa taarifa.

Barua ya malalamiko iwe na ukurasa mmoja wa maelezo na viambatisho vyenye namba: A, muhtasari, B, barua ya maombi yenye mhuri, C, jibu, D, stakabadhi, E, picha. Andika "hati ya malipo inaonyesha mifuko 100, daftari la mapokezi linaonyesha 80". Usiandike "ameiba mifuko 20". Kuamua kama ni wizi ni kazi yao na ya mahakama.

Na tafadhali, usiimwage kwenye magrupu ya WhatsApp wala Facebook kabla haijakwenda ofisini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kusambaza taarifa za uongo, na kosa dogo la tarakimu moja kwenye posti linaweza kukugeuza wewe mtuhumiwa. Zaidi ya hilo, anayesoma posti yako usiku ana mpaka asubuhi kupanga vitabu.

Mkitishwa, andikeni aliyetisha, maneno yake, saa na waliosikia, mkaripoti polisi siku hiyohiyo na kuomba namba ya kumbukumbu. Tangu 2015 ipo sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Waambieni wachunguzi kwamba mnaijua.

## Hatua ya 8: Lirudishe jibu kwa watu

Jibu lolote utakalopata, zuri au baya, si la kukaa kwenye droo yako. Omba ajenda kwenye mkutano unaofuata kwa utaratibu uleule wa hatua ya 3. Soma namba kwa sauti, taratibu, kwa Kiswahili cha kawaida, na pale wazee wasipoelewa, mtu azirudie kwa Kisukuma au Kikerewe. Kama mtendaji alijibu vizuri na hesabu zikakutana, sema hivyo mbele ya wote na umshukuru kwa jina na cheo chake. Anastahili, na atakupa taarifa ya robo inayofuata bila barua.

Kama kuna fedha iliyorejeshwa, ombeni azimio liandikwe kwenye muhtasari: kiasi, akaunti iliyoingia na tarehe ya kuanza kazi. Kisha bandikeni nakala kwenye ubao wa matangazo, na faili lenyewe akabidhiwe mtu mwingine kati yenu, mwenye umri mdogo kuliko wako, pamoja na lile daftari.